Bei ya Kubisha Hodi: Historia ya Ada za Kuomba Udaktari Ng'ambo

Ada ya maombi ni fedha anayolipa mtu ili ombi lake la kujiunga na chuo lisomwe. Hulipwa kabla ya jibu, hairudishwi mwombaji akikataliwa, na akikubaliwa haipunguzwi katika ada ya masomo. Katika fani nyingi ni kiasi kidogo kinachosahaulika mara kikishalipwa. Kwa anayetaka kusomea udaktari nje ya nchi yake hesabu huwa nyingine. Nafasi za wageni ni chache, hivyo mwombaji hulazimika kuomba vyuo vingi kwa mpigo. Kuna mtihani wa kuingilia, fomu ya kwanza, fomu ya pili na tathmini ya vyeti, na kila hatua hulipiwa kwa fedha za kigeni. Jumla yake inaweza kuzidi ada ya mwaka mzima katika chuo cha umma cha Afrika Mashariki.

Mzigo huu ni wa karibuni. Kwa zaidi ya miaka 100, Mwafrika aliyekwenda kusomea udaktari ng'ambo hakudaiwa stakabadhi ya benki, alidaiwa barua. Ilitoka kwa askofu, kwa serikali ya kikoloni, kwa chama cha siasa au kwa wizara, na mara nyingi aliyeiandika au aliyeipokea ndiye aliyelipa. Ada ya maombi ilianza kumwelemea mwombaji pale mwandishi wa barua alipoondoka mlangoni.

Wafadhili wa mwanzo

Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wenye asili ya Afrika waliovuka bahari kwa ajili ya udaktari alitoka Marekani. James McCune Smith, aliyezaliwa utumwani New York mwaka 1813, alikataliwa na vyuo vya kwao kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1832 alisafiri hadi Glasgow, Uskoti, kwa michango ya marafiki na watu wa kanisa waliopinga utumwa. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1837, akarudi New York kufanya kazi. Mlango wa kwao ulifungwa kwa rangi, wa Glasgow ulikuwa wazi, na kati ya milango hiyo miwili palikuwa na nauli ya meli.

Kwa bara lenyewe, mfano wa mapema unatoka Sierra Leone. Maofisa na askari wa Kizungu walikuwa wakifa kwa wingi kwa homa za pwani ya Afrika Magharibi, na Wizara ya Vita ya Uingereza ikaona ni afadhali kuwafundisha udaktari wenyeji wa huko. Mwaka 1855 vijana watatu waliteuliwa kutoka Chuo cha Fourah Bay mjini Freetown wakapelekwa King's College, London. Mmoja wao, James Africanus Beale Horton, alimalizia masomo Edinburgh mwaka 1859, akaajiriwa kuwa daktari wa jeshi na kulitumikia hadi mwaka 1880. Vijana hao hawakuomba nafasi kwa maana ya leo. Waliteuliwa, wakasafirishwa, wakasomeshwa, kisha wakalipa kwa utumishi. Mpangilio huo wa uteuzi, safari, masomo na deni la kazi ulikuja kurudiwa na serikali nyingi katika karne iliyofuata.

Mtu asiyeteuliwa na serikali alikuwa na kanisa. Hastings Kamuzu Banda, mzaliwa wa Kasungu katika Malawi ya leo, alikwenda kwa miguu hadi kusini mwa Afrika na kufanya kazi katika migodi ya Johannesburg. Huko alikutana na kanisa la Wamethodisti Weusi wa Marekani, na askofu wake akaahidi kumlipia ada katika shule ya kanisa hilo huko Ohio endapo nauli ya kufika Marekani angeitafuta mwenyewe. Banda aliondoka mwaka 1925. Baada ya sekondari alisoma Indiana na Chicago akisaidiwa na wafadhili binafsi, na mwaka 1937 akahitimu udaktari katika Chuo cha Meharry, Nashville.

Kufika kwake Meharry kulikuwa na sababu. Mwaka 1910 mwalimu Abraham Flexner alichapisha ripoti kuhusu vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada. Ripoti ilidai maabara, hospitali za kufundishia na masomo ya chuo kabla ya udaktari. Vyuo vingi hafifu vilifungwa, vikiwamo vitano kati ya saba vilivyofundisha Wamarekani Weusi. Vilivyobaki vilikuwa Howard na Meharry. Ripoti hiyo ilisaidia pia kuimarisha utaratibu unaoendelea hadi leo: Marekani, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, hivyo mgeni anayetoka kidato cha sita ana takriban miaka minne ya kulipia kabla hata ya kuomba nafasi ya udaktari.

Banda aligundua gharama nyingine baada ya kuhitimu. Shahada ya Marekani haikumruhusu kutibu katika himaya ya Uingereza. Ilimbidi aende Edinburgh kusoma tena, safari hii kwa msaada wa Kanisa la Uskoti na serikali ya kikoloni ya kwao, Nyasaland, na kupata sifa za Uingereza mwaka 1941. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu aondoke Afrika.

Makerere na mipaka yake

Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki hazikuwa na haja ya kuwapeleka vijana Ulaya kwa wingi. Zilitaka watumishi wa afya wa gharama nafuu waliofundishwa karibu. Mafunzo ya tiba yalianza Makerere mwaka 1924, yakitumia Hospitali ya Mulago mjini Kampala, na wanafunzi walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mkenya au Mtanganyika aliyefika Mulago alikuwa mgeni katika nchi nyingine, lakini hakujiona hivyo. Aliletwa na serikali ya kwao, na jina lake lilitoka kwenye orodha ya mwalimu mkuu wa shule.

Ugumu ulikuwa katika thamani ya cheti. Kwa miongo mitatu mhitimu wa Mulago hakuhesabiwa sawa na daktari aliyesoma Uingereza, na mshahara wake ulionyesha hivyo. Mwaka 1949 Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea mwisho cheti chake cha udaktari kikaanza kutambuliwa Uingereza. Mwaka 1959 Josephine Nambooze alihitimu hapo, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Pamoja na hatua hizo, nafasi zilikuwa chache mno. Kwa takwimu alizopenda kuzitaja Julius Nyerere, Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 waliosomeshwa kati ya wananchi wake, na wahandisi 2.

Uhaba huo uliwasukuma vijana kutazama mbali. Waliotazama Marekani waliingia katika mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, ulioanza Septemba 1959 kwa ndege iliyobeba wanafunzi 81. Nauli ilitafutwa na wafadhili wa Marekani, wakiwamo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, na mwaka 1960 mfuko wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Familia nazo zilitakiwa kuchangia. Mifugo iliuzwa, karamu za chai zikafanywa, kijiji kizima kikamchangia mtoto mmoja. Desturi ya kumkusanyia fedha anayekwenda kusoma ilipata nguvu hapo, nayo haijatoweka. Kwa udaktari, hata hivyo, ndege hizo hazikuwa njia ya haraka, kwa sababu ya ile shahada ya kwanza. Daktari Njoroge Mungai, aliyehitimu Stanford mwaka 1957 na baadaye akawa waziri wa Kenya, alikuwa amepitia kwanza Fort Hare, Afrika Kusini.

Njia ya Nile na Moscow

Mlango uliokuwa mpana zaidi kwa udaktari ulifunguliwa Mashariki. Tarehe 5 Februari 1960 Umoja wa Kisovieti ulianzisha Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mjini Moscow kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Tiba ilikuwa mojawapo ya vitivo vyake. Mwanafunzi hakulipa ada, alipewa malazi, nauli na posho ya rubli 90 kwa mwezi, akaanza kwa mwaka mzima wa kujifunza Kirusi. Mwanzoni mtu aliweza kuandika mwenyewe moja kwa moja kwa chuo bila kupitia serikali yake, jambo lililowavutia vijana wa makoloni ambako serikali isingewaandikia kamwe. Maombi ya mwaka wa kwanza yalizidi nafasi mara nyingi mno.

Kuandika kulikuwa bure, kufika ndiko kulikokuwa na bei. Serikali za kikoloni zilikataa kutoa pasipoti kwa waliojulikana kwamba wanaelekea nchi za kikomunisti. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakatumia kilichoitwa njia ya Nile: kwa basi, lori, treni na miguu kupitia Uganda hadi kusini mwa Sudan, kisha Khartoum, kisha Cairo. Katika mji huo palikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi, na serikali ya Gamal Abdel Nasser iliwapokea wapigania uhuru. Mwanasiasa Oginga Odinga alikuwa kiungo mkuu wa Wakenya, na kwa mkono wake mamia walipata nafasi Moscow, Prague, Berlin Mashariki na kwingineko. Msafiri aliweza kukaa Cairo miezi akisubiri tiketi. Aliyekamatwa mpakani alirudishwa nyumbani na kupoteza kila alichokuwa nacho.

Baada ya uhuru usafiri wa kificho ulikwisha na nafasi zikapita wizarani. Zanzibar, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, ilikuwa karibu sana na Ujerumani Mashariki na China, na vijana wake walikwenda huko kujifunza fani mbalimbali, za afya zikiwamo. Maisha huko Mashariki hayakukosa uchungu. Desemba 1963 mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana alikutwa amekufa nje ya Moscow, na Waafrika wakaandamana hadi Uwanja Mwekundu kulalamikia ubaguzi. Pamoja na hayo, kwa miaka 30 hivi mtoto wa mkulima asiye na shilingi ya benki aliweza kuwa daktari kwa njia ya Mashariki, mradi jina lake liwe kwenye orodha.

Barua ya tawi

Kuingia kwenye orodha kulikuwa na masharti. Nchini Tanzania shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na kutoka katika kitivo hicho kikakua Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo. Nairobi ilianza kufundisha madaktari mwaka 1967. Masomo yalilipiwa na serikali, pamoja na chakula, malazi na nauli ya likizo, na mhitimu alitumwa kokote alikohitajika.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilibadili mlango wa chuo kikuu nchini Tanzania. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda, na hatimaye apate barua ya mwajiri na ya tawi la chama tawala kwamba ni mtu anayefaa. Masharti hayo yalilegezwa mapema kwa wanawake, na baadaye kwa wengine. Katika miaka hiyo mwombaji hakuogopa ada ya fomu. Alimwogopa katibu wa tawi.

Kujilipia mwenyewe ng'ambo hakukuwa rahisi hata kwa mwenye uwezo, kwa sababu ya udhibiti wa fedha za kigeni. Pauni na dola zilitolewa kwa kibali cha Benki Kuu, na maombi ya mtu binafsi yalikuwa ya mwisho katika foleni. Mzazi aliyekuwa na shilingi za kutosha alikosa hundi ya pauni 10. Baadhi walitegemea ndugu waliokwisha kukaa London, Bombay au Muscat walipe huko, wao wakarudisha kwa shilingi hapa. Ni baada ya sheria ya mwaka 1992 kulegeza udhibiti huo ndipo maduka ya kubadilishia fedha yalipoenea na dola ikanunulika hadharani.

Uingereza yabadili hesabu

Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kubadilika. Hadi katikati ya miaka ya 1960 mwanafunzi kutoka Nairobi na wa Manchester walilipa ada ileile. Kuanzia mwaka 1967 mgeni alilipa pauni 250 kwa mwaka, mwenyeji 70. Kisha, mwaka 1979, serikali mpya ya Margaret Thatcher ilitangaza kwamba wageni watalipa gharama kamili za masomo yao. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1980 kiwango cha chini kilichopendekezwa kilikuwa pauni 2,000 kwa sanaa, 3,000 kwa sayansi na 5,000 kwa udaktari wa wodini. Idadi ya wanafunzi kutoka nchi za Jumuiya ya Madola ilishuka, na nchi kadhaa zililalamika waziwazi.

Uamuzi huo ulimgeuza mwanafunzi wa kigeni kuwa chanzo cha mapato, na vyuo vikaanza kumtafuta kama mteja. Skolashipu za Jumuiya ya Madola, zilizoasisiwa mwaka 1959, ziliendelea, lakini zaidi kwa masomo ya baada ya shahada. Ziliwafaa madaktari waliotaka ubingwa. Kijana aliyetoka kidato cha sita na alama nzuri za fizikia, kemia na biolojia hakuwa na nafasi kubwa humo.

Miaka ya kuchangia gharama

Pande zote mbili za dunia zilifunga pochi kwa wakati mmoja. Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na matumizi ya serikali katika huduma za jamii yakabanwa. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika. Bei zilipoachwa huru nchini Urusi Januari 1992, posho ya rubli ilikosa maana, na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa katikati ya masomo wakajikuta wakifanya biashara ndogondogo ili wale. Chuo cha Lumumba kiliondolewa jina hilo mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Nafasi za serikali ya Urusi ziliendelea kutolewa, lakini kando yake lilizuka kundi kubwa la wanaojilipia kwa mkataba.

Nchini Tanzania sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilitekelezwa kwa awamu. Katika awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1992/93, mzazi na mwanafunzi walianza kulipa nauli, ada ya maombi, ada ya usajili, ada ya mtihani wa kuingilia, ada ya chama cha wanafunzi na fedha za tahadhari. Chakula na malazi vilifuata katika awamu ya pili, na ada ya masomo baadaye. Ada ya maombi, basi, ilikuwa miongoni mwa mizigo ya kwanza kabisa kushushwa kutoka mabega ya serikali. Bodi za mikopo zilikuja baadaye: Kenya ilianzisha yake mwaka 1995, na ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mikopo hiyo imewalenga hasa wanaosoma ndani ya nchi, na hulipia masomo ya aliyekwisha kukubaliwa. Gharama za kuomba hubaki kwa familia.

Fomu ya Marekani

Marekani ndiyo iliyojenga utaratibu mrefu na ghali kuliko wote. Chanzo chake hakikuwa kutafuta fedha. Katika miaka ya 1920 baadhi ya vyuo vya tiba vilipoteza hadi nusu ya wanafunzi wake kabla ya kuhitimu. Mwaka 1928 mtafiti F. A. Moss na wenzake walitunga mtihani wa kuwachuja waombaji mapema, nao ndio chimbuko la mtihani unaojulikana leo kama MCAT. Baadaye, waombaji walipozidi, Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani kikaanzisha ofisi moja ya kupokea na kusambaza maombi, AMCAS, iliyokomaa katika miaka ya 1970. Mwombaji hujaza fomu moja, na ofisi humtoza kwa kila chuo anachokitaja.

Kurahisishwa huko kulizaa wingi. Kutaja chuo kimoja zaidi kukawa kazi ya dakika chache, waombaji wakataja vyuo 15 au zaidi, vyuo vikajikuta na mafuriko ya maombi, vikaanzisha fomu ya pili yenye insha na ada yake. Katikati ya miaka ya 2020 mtihani wa MCAT uligharimu zaidi ya dola 300, na aliyeufanyia nje ya Marekani na Kanada aliongezewa zaidi ya dola 100. AMCAS ilitoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na takriban dola 45 kwa kila kilichoongezwa. Fomu ya pili iligharimu kati ya dola 50 na 150 kwa chuo. Anayeomba vyuo 15, kwa fomu za pili za wastani wa dola 100, alihitaji takriban dola 2,700. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 6.5 za Tanzania. Ada ya mwaka ya udaktari katika chuo cha umma cha Tanzania ilikuwa haijafika milioni 2, hivyo fedha za kubisha hodi Marekani zingemlipia mtu zaidi ya miaka mitatu ya masomo nyumbani.

Chama hicho kina mpango wa kuwapunguzia ada wasio na uwezo, lakini ni kwa raia, wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache kama wakimbizi waliotambuliwa. Mwenye viza ya mwanafunzi hamo. Mikopo ya serikali kuu ya Marekani, iliyotokana na sheria za miaka ya 1960, nayo haimhusu. Vyuo vingi vya tiba havipokei wageni kabisa, na vingi vinavyowapokea huwataka wawe wamesoma angalau mwaka mmoja katika chuo cha Marekani au Kanada. Baadhi hudai kwamba aliyekubaliwa aweke katika akaunti ya amana ada ya mwaka mmoja, na vingine ya miaka yote minne, kabla ya kuanza darasa. Anayetuma maombi bila kujua masharti hayo hulipia milango ambayo haikuwa ya kumfungukia. Ndiyo maana hesabu ya kwanza ya mwombaji wa kigeni ni orodha ya vyuo vinavyopokea wageni, na humo tena vile vinavyowapa msaada.

Uingereza, China na mawakala

Uingereza ilichukua njia ya kuweka kikomo. Ofisi ya pamoja ya maombi iliundwa mwaka 1961, na mrithi wake, UCAS, akaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anayeomba udaktari hawezi kutaja zaidi ya vyuo vinne, na mwisho wa kuomba ni katikati ya Oktoba, mapema kuliko fani nyingi. Ada ya fomu mwaka 2024 haikufika pauni 30. Mtihani wa kuingilia wa UCAT, ulioanzishwa kwa jina jingine mwaka 2006, uligharimu pauni 70 kwa anayeufanyia Uingereza na 115 kwa aliye nje. Kubisha hodi huko ni nafuu, uzito uko ndani: ada ya mgeni ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji, serikali hudhibiti idadi ya wageni katika udaktari, na anayepata viza hulipa kwa mkupuo mchango wa huduma za afya wa miaka yote ya masomo, pauni 776 kwa kila mwaka tangu Februari 2024.

Nchi nyingine zilijaza pengo lililoachwa na wafadhili wa zamani. Cuba ilifungua Chuo cha Tiba cha Amerika ya Kusini mjini Havana mwaka 1999, baada ya vimbunga vilivyoharibu Karibi na Amerika ya Kati, na kuwasomesha wageni bure, Waafrika wakiwamo, kwa makubaliano ya serikali. China, mwaka 2007, iliruhusu vyuo 30 kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Ada ya maombi ya vyuo vya China kwa kawaida ni yuan 400 hadi 800, na masomo ni nafuu kuliko Ulaya Magharibi. Ukraine nayo iliwavuta wengi kwa bei nafuu. Khartoum ilikuwa na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kilichokua kutoka kituo cha Kiislamu cha miaka ya 1970, ambacho skolashipu zake zilijulikana sana katika misikiti ya pwani.

Pamoja na vyuo hivyo walikuja mawakala. Wakala humtafutia mwanafunzi nafasi, hushughulikia viza na tiketi, na hulipwa na familia, na chuo, au na wote wawili. Kwa aliyekosa kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, au asiyejua fomu inaombwaje, alikuwa msaada wa kweli. Lakini familia ililipa bila kuona bei halisi ya chuo, na iligundua baadaye kama chuo hicho kinatambuliwa au la. Tanzania iliweka hati ya kutokuwa na pingamizi, inayotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa anayekwenda kusoma nje, ili chuo na sifa za mwanafunzi vikaguliwe kabla ya safari. Somo la Banda lilikuwa palepale: shahada isiyotambuliwa nyumbani hulipiwa mara mbili.

Vita vilionyesha hatari nyingine ya milango ya bei nafuu. Wanafunzi wa udaktari walikimbia Ukraine Februari 2022, na Sudan Aprili 2023, wengi wakiwa nusu ya safari ya masomo. Kuhamia chuo kingine kulimaanisha kuanza kulipa upya ada za maombi na tathmini ya vyeti. Katika mkasa wa Sudan njia iligeuka pia: wanafunzi wa udaktari wa Khartoum walipokewa Rwanda na Tanzania ili wamalizie mafunzo ya wodini.

Namna ya kumudu

Njia zinazotumiwa leo kumudu gharama za kuomba ni chache. Ya kwanza ni nafasi za serikali kwa serikali, kama za China, Urusi na Cuba, ambazo huombwa kupitia wizara au ubalozi bila ada kubwa, ingawa nauli na bima mara nyingi humwangukia mwanafunzi. Ya pili ni michango ya ukoo, ya kanisa au msikiti, na siku hizi ya makundi ya simu, ambayo hukusanya kwa urahisi fedha za tiketi kuliko za fomu, kwa kuwa watu humchangia aliyekwisha kukubaliwa. Ya tatu ni kuomba vyuo vichache vilivyochaguliwa kwa makini. Ya nne ni kusoma shahada ya kwanza ya tiba nyumbani, katika Muhimbili, Makerere, Nairobi au vyuo binafsi vilivyoongezeka tangu miaka ya 1990, kisha kutafuta ng'ambo ufadhili wa ubingwa, ambako skolashipu ni nyingi zaidi.

Ya tano ni msamaha wa ada. Chuo kimojakimoja, hata Marekani, huweza kumsamehe mgeni ada ya fomu ya pili akiomba kabla ya kuituma na kuthibitisha hali yake. Uthibitisho huo huwa ni taarifa ya kipato cha familia pamoja na barua ya mwalimu, ya mkuu wa chuo au ya taasisi inayomfahamu mwombaji.